Masikio ya waimbaji wetu: tupunguze sauti, tuhesabu saa



Katika mji wetu muziki hauna siku ya kupumzika. Jumamosi ni ndoa, Jumapili ni ibada, katikati ya juma ni repetisyo za korali, na matanga yakitufikia, bafle zinalia mpaka asubuhi. Toka Kadutu hata Bagira, milima inarudishiana nyimbo. Sisi wenyewe tunapenda hivyo. Rumba ya Kongo zote mbili iliandikwa na UNESCO katika urithi wa watu wa dunia nzima, mwezi wa 12 mwaka 2021, na hatukushangaa. Hapa kwetu mtoto anajua kucheza sebene mbele ya kujua kuandika jina lake.

Tunafurahi pia mtoto wetu akiingia korali au akijifunza gitaa. Tunasema: afadhali awe pale kuliko kuzunguka njiani. Ni kweli. Tunamfulia nguo nyeupe ya Jumapili, tunamtafutia franka za usafiri, tunauliza amekula. Lakini ni nani kati yetu amekwisha kuuliza masikio yake yanaendelea namna gani? Mwanamuziki anaweza kununua gitaa ingine ikivunjika. Sikio likiharibika kwa sababu ya makelele, hakuna duka linaloliuza.

Mimi ni mwalimu, na jambo hili ninaliona kwanza darasani. Siku ya Jumatatu, baada ya Jumapili yenye sherehe kubwa, kuna wanafunzi wawili watatu ambao ninapaswa kuwarudilia kila neno. Si wavivu. Ukiwauliza, wanasema: "Mwalimu, masikio yanalia." Ni wale wanaokaa karibu na bafle, wale wanaopiga ngoma, wale wanaoimba mbele. Jumanne wanasikia tena vizuri, na kila mtu anasahau. Ni juu ya huko kusahau ninataka tuongee leo.

Sikio ni nini ndani yake

Sauti ni mtikiso wa hewa. Unaingia katika tundu la sikio, unagonga ngozi nyembamba inayofanana na ngozi ya ngoma, unapita katika mifupa mitatu midogo sana, halafu unafika ndani kabisa, mahali palipojikunja kama nyumba ya konokono. Pale kuna maji, na katika maji kuna seli ndogo zenye vinyweleo juu yake. Sauti ikifika, vinyweleo vinainama na kuinuka, na mshipa unapeleka habari kwa ubongo. Mtu anazaliwa na seli hizo karibu 15.000 kwa kila sikio. Ukifikiri vizuri, si nyingi. Kichwani tuna nywele nyingi kuliko hizo mara kadhaa.

Nywele za kichwa ukikata, zinaota. Seli za sikio la mtu hazioti tena. Kuku akipoteza zake, zinarudi, lakini sisi wanadamu hatukupewa hilo.

Fikiri majani ya kiwanja cha masomo. Watoto wakipita mara moja, majani yanalala, kesho yanasimama. Wakipita kila siku mahali pamoja, njia inajichora, na hakuna jani linaloota pale tena. Sikio ni hivyo. Baada ya ibada yenye sauti kubwa, vinyweleo vimelala; mtu anasikia kama mwenye kuwekwa pamba, au anasikia mlio kama wa nyenje. Akipumzika, vinasimama tena, na anafikiri amepona. Lakini wachunguzi waliofanya majaribio kwa panya wameonyesha, toka mwaka 2009, kwamba hata mnyama akirudilia kusikia kama mbele, nyuzi fulani zinazounganisha seli na mshipa zimekwisha kukatika bila kurudi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa uhakika: imepita, hakuna kitu.

Jambo baya zaidi ni kwamba haiumi. Mtoto akiguswa na moto anapiga kelele, nawe unakimbia. Sikio likiungua kwa muziki, mtoto anacheka na kucheza. Kwa kawaida linaanza kupoteza sauti nyembamba za juu. Mtu anasikia kwamba unaongea, lakini hatofautishi "sita" na "fita", hasikii vizuri sauti ya mtoto mdogo wala ya mwanamke katikati ya watu wengi. Kwa mwimbaji ni hasara mara mbili: anaweza kuanza kusikia noti moja kwa namna mbili, sikio la kuume likimwambia hivi na la kushoto likimwambia vile. Hapo kuimba pamoja na wenzake kunakuwa mateso.

Hesabu ambayo kila mama anaweza kufanya

Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Maongezi yetu ya kawaida nyumbani ni karibu 60. Mtu mwenye kupiga batri kwa nguvu, zile ngoma pamoja na visahani vyake vya shaba, yuko katika desibeli 100 na kupita. Tarumbeta za fanfare nazo zinafika huko kwa urahisi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwani hapa ndipo watu wengi wanakosea. Desibeli hazihesabiwi kama mihogo sokoni. Kila mara zinapoongezeka 3 tu, nguvu inayoingia sikioni inakuwa mara mbili, na saa ambazo sikio linaweza kuvumilia zinakatwa nusu. Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi inatoa kipimo hiki kwa mtu mzima, kwa siku moja:

Desibeli 85: saa 8.
Desibeli 88: saa 4.
Desibeli 91: saa 2.
Desibeli 94: saa 1.
Desibeli 97: dakika 30.
Desibeli 100: dakika 15.

Mnaona? Dakika 15 katika desibeli 100 zinamaliza posho yote ya sikio kwa siku ile. Sebene moja ndefu yatosha.

Tufanye mfano, kama ubaoni. Kijana ana repetisyo Jumanne saa 2, Alhamisi saa 2, Jumamosi saa 3, na Jumapili ibada ya saa 4. Jumla ni saa 11. Tuseme mahali anaposimama sauti ni desibeli 94. Kwa kipimo kile, saa 1 kwa siku, siku 5 za kazi, ni saa 5 kwa juma. Yeye amepita mara mbili, na bado hatujahesabu ndoa ya Jumamosi usiku wala simu anayoweka masikioni akilala.

Sasa mtu wa sono apunguze desibeli 6, kutoka 94 mpaka 88. Kwa desibeli 88 ni saa 4 kwa siku, yaani saa 20 kwa juma. Saa zake 11 zinaingia ndani na nafasi inabaki. Hakuna aliyeacha korali. Hakuna wimbo uliokatwa. Kifungo kimoja kimegeuzwa kidogo, na waumini wa nyuma bado wanasikia vizuri. Pengine wanasikia maneno ya wimbo kuliko mbele.

Kwa watoto kipimo kinapaswa kuwa chini zaidi. Shirika la Afya Duniani, kwa mambo ya kusikiliza muziki, linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 za juma, na mtoto asipite 75. Shirika hilo hilo linasema kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani, wa miaka 12 mpaka 35, wako katika hatari ya kupoteza kusikia kwa sababu ya muziki wenye sauti kubwa.

Utasema: mimi sina mashine ya kupima. Kuna programu za simu zinazopima desibeli. Hazisemi ukweli wote, lakini zinaonyesha njia. Na kama simu yako ni ile ya vifungo tu, tumia mkono. Simama na mwenzako, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Kama unapaswa kupaza sauti kusudi akusikie, mahali pale pamekwisha kufika karibu desibeli 85 au kupita. Anza kuhesabu saa.

Kesi ya mpiga viola wa London

Wengine watasema hii ni hofu ya watu wa mashine na viwanda, muziki hauwezi kumdhuru mtu anayeupenda. Basi nitawaeleza habari iliyofika mahakamani.

Katika mji wa London kuna nyumba kubwa ya muziki iitwayo Royal Opera House. Christopher Goldscheider alikuwa mwanamuziki wake, akipiga viola, chombo kinachofanana na fidla lakini kikubwa kidogo. Hakuna bafle pale, hakuna gitaa ya umeme. Ni vyombo vya mkono na vya mdomo tu. Mwezi wa 9 mwaka 2012 walikuwa katika repetisyo ya opera ya Richard Wagner, Die Walküre. Wanamuziki walikuwa wamebanana katika shimo lililo mbele ya jukwaa, na yeye aliwekwa mbele ya matarumbeta na vyombo vingine vya shaba, vikipulizia karibu kabisa na sikio lake la kuume. Vipimo vilionyesha kwamba kwa saa kama 3 za repetisyo ile sauti ilikuwa wastani wa desibeli 91. Tazameni tena orodha yetu hapo juu: 91 ni saa 2.

Kuanzia siku zile masikio yake hayakuvumilia tena sauti za kawaida. Alipata maumivu na kizunguzungu. Mwaka 2014 akaacha kazi. Hata kutayarisha chakula nyumbani, kwa sababu ya mlio wa vyombo, kulimwomba kuvaa vya kuziba masikio. Mtoto wake pia ni mwanamuziki, na baba hakuweza tena kumsikiliza akijifunza. Hapo mimi kama mzazi niliposoma nilisimama kidogo.

Alishitaki. Nyumba ile ilijitetea kwamba muziki si kama kelele za kiwanda: kelele za kiwanda ni uchafu wa kazi, lakini sauti ya muziki ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2018 mahakama ikasema kwamba sheria ya kulinda masikio ya wafanyakazi haina mlango wa pembeni kwa ajili ya muziki, hata uwe mzuri namna gani. Mwaka 2019 rufaa ikakataliwa.

Kuna jambo moja katika kesi ile linalotuhusu sana. Mpiga viola huyu alikuwa na vizibo vya masikio. Havikutosha. Shida kubwa ilikuwa namna watu walivyopangwa: nani anakaa mbele ya nani, na nafasi gani kati yao. Baada ya malalamiko, viti vilipangwa namna nyingine, na sauti iliyomfikia mtu wa mahali pale ikapungua. Yaani kabla ya kumwambia kijana "ziba masikio", mkubwa wa korali anapaswa kuuliza: kwa nini nimemsimamisha pale?

Kupunguza sauti mahali inapotoka

Tuanze basi na kanisa, na chumba cha repetisyo. Mambo haya hayaombi feza nyingi.

Bafle zisikae chini, mdomo wake ukielekea vichwa vya watu wa mbele. Ziinuliwe juu ya miguu yake au juu ya meza imara, kupita vichwa, kusudi sauti ifike nyuma bila kumpiga wa mbele. Leo tunafanya kinyume: wa nyuma wanalalamika hawasikii, mtu wa sono anaongeza, na wa mbele wanapata dawa ya watu mia moja. Na wa mbele ni nani? Mara nyingi ni watoto wa masomo ya Jumapili, kwa sababu tunawaketisha pale wawe na adabu. Tuwatoe mbele ya bafle.

Batri isiwe nyuma ya migongo ya waimbaji, karibu karibu. Mita mbili tatu zinabadilisha mambo. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, sauti inapungua kama desibeli 6. Ndani ya nyumba inapungua kidogo kuliko hapo, lakini inapungua. Blanketi ya zamani ndani ya ngoma kubwa na mkeka chini yake vinasaidia pia.

Nyumba zetu za ibada ni matofali, sima na mabati. Sauti inagonga ukuta, inarudi, inagonga tena, na maneno yanachanganyika. Mtu wa sono akiona maneno hayasikiki, anaongeza volimu, na mchanganyiko unazidi. Vitambaa vinene ukutani, mapazia na mikeka vinameza sehemu ya sauti ile. Wamama wenye kushona, hapa kuna kazi yetu: mapazia ya ukuta wa nyuma.

Tena kuna vita ya volimu, ambayo kila mwenye kuimba katika korali anaijua. Mpiga gitaa hajisikii, anaongeza. Mwimbaji naye hajisikii, anaomba mikro iongezwe. Mpiga ngoma anaona amefunikwa, anapiga kwa nguvu. Katika nyimbo tatu wote wamefika juu na hakuna anayemsikia mwenzake. Dawa yake ni kuanza na chombo kisicho na kifungo, yaani ngoma. Mpiga ngoma apige kwa kiasi ambacho mwimbaji anaweza kusikika juu yake. Gitaa na kinanda vifuate ngoma, wala visiipite. Mkubwa wa korali aseme tangu mwanzo: kifungo hiki hakitaguswa bila ruhusa.

Mikro nayo isielekezwe kwa bafle. Ule mlio mkali unaotuchoma wote ni sauti inayotoka katika bafle, inaingia katika mikro, inarudi katika bafle, inazunguka. Unakuja ghafula na ni wenye nguvu sana.

Mwisho, si kila repetisyo inaomba sono. Kujifunza maneno na kupanga sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu kunafanywa vizuri kwa midomo tu. Korali yenye kufanya repetisyo mbili bila bafle na moja na bafle imekwisha kupunguza saa zake zaidi ya nusu. Inaokoa na mafuta ya jenereta.

Vizibo vya masikio

Pale sauti haiwezi kupungua, kwa mfano kwa mpiga ngoma mwenyewe, tunaongeza vizibo.

Kwanza, pamba ya hospitali na karatasi ya choo si kinga. Zinapunguza kidogo sana, na zinamdanganya mtu kwamba amejilinda.

Vizibo vya sponji, vile wanavyovaa watu wenye kutumika na mashine, ni vya bei ndogo na vinalinda vizuri kama vikiwekwa sawasawa. Nawa mikono. Zungusha sponji katikati ya vidole mpaka iwe nyembamba kama kijiti. Pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, ndipo uingize. Shikilia kwa kidole sekunde 20 mpaka 30 wakati sponji inavimba. Kama nusu yake inabaki nje, hukuweka. Umepamba sikio tu.

Vibaya vya sponji ni kwamba inakata sauti nyembamba kuliko sauti nene, kwa hiyo muziki unasikika kama unaopita nyuma ya ukuta, na mwimbaji anasikia sauti yake ikivuma kichwani. Ndiyo sababu wanamuziki wengi wanaivua. Kuna vizibo vilivyotengenezwa kwa ajili yao, vyenye tundu na kichujio, vinavyopunguza sauti zote kwa kipimo karibu sawa, kama desibeli 15 mpaka 25. Noti zinabaki safi, ila chini. Vinafuliwa na kutumika tena kwa muda mrefu. Kama una ndugu anayetoka ng'ambo na anauliza akuletee nini, waza juu ya mpiga ngoma wako.

Kwa mtoto mdogo, usiingize kitu katika tundu. Kuna vya kufunika masikio yote mawili kutoka nje, vyenye upinde juu ya kichwa. Na kama huna, umbali ndio kinga yake. Mama mwenye mtoto mgongoni asicheze mbele ya bafle: wewe unasikia furaha, lakini sikio la yule wa mgongoni ndilo liko karibu, na hawezi kukuambia.

Alama za kuangalia nyumbani

Mlio masikioni baada ya repetisyo. Kusikia kama umefunikwa. Kuuliza "nini?" mara nyingi. Kuongeza sauti ya televizyo mpaka jirani anasikiliza nayo. Kukasirishwa au kuumizwa na sauti ndogo, kama sahani kugongana. Moja ya hizi ikionekana, mpumzishe mtoto na muziki siku mbili, hata na ule wa simu. Ikibaki baada ya siku mbili, au ikirudi kila juma, mpeleke kwa muganga. Na kama sikio moja limefunga ghafula, mtu hasikii kitu, usingoje hata kesho. Siku za kwanza ndizo zenye nafasi ya matibabu.

Usitie mafuta ya moto, wala maziwa, wala dawa ya majani katika sikio. Usichokoe na kiberiti wala ufunguo. Mlio unaotokana na makelele hauko katika uchafu wa sikio; uko ndani, mahali ambapo kijiti hakifiki.

Jambo jingine ambalo wengi hatulijui: dawa fulani zinagusa sikio. Kinini inaleta mlio. Sindano za gentamisini na streptomisini zinaweza kuharibu seli zile zile tulizoongea juu yake, na makelele yakijumlishwa, hatari inazidi. Usiache dawa uliyopewa, kwani ugonjwa unaweza kuua. Lakini mwambie muganga: mtoto huyu ni mpiga ngoma. Na katika siku za matibabu, asikae karibu na bafle.

Kazi yetu sisi

Ninajua yatakayosemwa. Kijana atasema: mama, bila sauti kubwa hakuna mupepo wa kucheza. Mkubwa wa korali atasema kwamba kanisa la jirani watatufunika. Mtu wa sono atasema kwamba amelipwa kusudi isikike. Waheshimuni, lakini msinyamaze. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni kwa mahali pa muziki: wastani usipite desibeli 100 kwa kila dakika 15, sauti ipimwe na mtu anayejua, vizibo viwepo, na pawe na mahali patulivu pa kupumzisha masikio. Kama wenye majumba makubwa ya kucheza wanaombwa hayo, kanisa lenye watoto mbele linaweza kuombwa zaidi.

Tena wanamuziki wazuri si wenye kelele. Mwenye kusikia vizuri ndiye anayejua kuingia kwa wakati, kurekebisha gitaa yake, kushika sauti ya pili bila kupotea. Kijana wa miaka 18 anayelinda masikio yake leo ndiye atakayefundisha korali akiwa na miaka 60.

Ninaomba jambo moja kwa juma hili. Kila mama mwenye mtoto katika korali, fanfare au orkestra achukue karatasi, aandike siku saba. Kila siku aandike saa ngapi mtoto alikuwa katika muziki wa nguvu, alisimama wapi, na kama masikio yake yalilia usiku. Usimgombeze, mwandikie tu. Uhesabu na saa zako mwenyewe, wewe unayeimba katika kwaya ya wamama. Tulete karatasi hizo katika mkutano wetu ujao. Tutajumlisha pamoja, halafu watatu kati yetu watazipeleka kwa wakubwa wa korali na kwa watu wa sono, kwa heshima, pamoja na mita chache za kitambaa kinene kwa ajili ya ukuta wa nyuma.